Mtoto anasogelea ubao: mpime jicho moja moja

Dada, umesema binti yako wa darasa la tano huinuka kwenda kunakili ubaoni, hukunja uso akitazama mbali, na shangazi yake amekuonya kwamba miwani itamlegeza macho. Kwa hilo usimsikilize. Mara nyingi mtoto wa namna hii jicho lake limerefuka, taswira inaangukia mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na lenzi huirudisha mahali pake. Akishavaa akakataa kuivua, ni kwa sababu ameonja kuona.

Mpime kwanza nyumbani. Chora E nyeusi kwenye karatasi nyeupe: kimo milimita 17.5, upana vivyo hivyo, kila mguu na kila nafasi milimita 3.5. Ibandike usawa wa macho yake penye mwanga wa mchana, kisha pima mita 6 kwa futi kamba. Azibe jicho kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, asilikandamize, maana likibanwa litaona ukungu zamu yake ikifika. Asizibe kwa vidole, watoto huchungulia. Geuzageuza karatasi mara 5, kila mara aonyeshe kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Jicho lolote lisipopata 4 kati ya 5, mpeleke. Akipata zote na bado anasogelea ubao, mpeleke vilevile.

Kwa nini moja moja? Jicho zima humfichia mwenzake. Lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza, jicho vivu, hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi, kwa hiyo na mdogo wake apimwe.

Hospitalini ulizia matone ya kulegeza msuli wa jicho kabla ya kipimo. Msuli wa mtoto una nguvu. Bila matone hukaza macho mbele ya mashine, namba ya lenzi ikatoka hasi kubwa kuliko ilivyo, na miwani hiyo ndiyo inayomletea maumivu ya kichwa. Baada ya matone mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu, pengine hadi kesho yake. Beba kofia, na isiwe siku ya mtihani wala ya kuamkia mtihani.

Dai karatasi ya vipimo. Ikiandikwa -2.00, bila miwani anaona vizuri hadi nusu mita tu. Usikubali apewe namba ndogo "azoee kwanza": kupunguza namba hakuzuii jicho kurefuka. Lenzi ziwe za plastiki, zioshwe kwa maji na tone la sabuni. Kuzifuta kavu kwa sketi ndiko kunakozikwaruza, kwa sababu ya vumbi.

Kinachosaidia kweli ni kucheza nje mchana, masaa 2 kila siku, hata chini ya mwembe, maana kivuli cha nje kina mwanga mwingi kuliko sebuleni. Hii huchelewesha tatizo kuanza, hivyo mdogo wake ndiye atakayefaidi zaidi. Daftari na simu visikae karibu kuliko sentimita 30.

Akiwa na muwasho, tafadhali usimnunulie matone ya deksamethasoni au betamethasoni, yaani dawa za steroidi, bila daktari. Muwasho hutulia haraka, mzazi akaendelea nayo miezi, kumbe presha ya macho inapanda na mtoto wa jicho anajijenga.

Na mtoto yeyote ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, asisubiri likizo. Inaweza kuwa saratani ya jicho. Apelekwe siku hiyohiyo.