Uliza kwanza nini kimeua elementi: kwenu mafundi wapya wa mashine za kukaushia nguo

Wadogo zangu, mashine nyingine imerudi karakana na elementi mpya, yaani koili ya kupasha hewa, iliyokatika. Spea haina kosa. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali: elementi haifi bila sababu, na mara nyingi sababu ni hewa.

1. Koili ile ni waya wa nikeli na kromiamu ulioshikwa na kauri, na kinachoulinda usizidi moto ni hewa inayovutwa na feni. Hewa hiyo hupita kwenye koili, ikaingia kwenye pipa, ikapenya nguo na chujio, ikatoka nje kwa bomba. Ziba popote katika njia hiyo na joto litabaki kwenye koili. Themostati ya usalama itakata, iwashe, ikate tena. Waya unatanuka na kusinyaa hadi unalegea, kisha unakatika.

Kijana wetu mmoja, mwenye mikono mizuri kweli, alipima elementi, akakuta imekatika, akaweka mpya. Pipa likapata moto, akafunga mfuniko. Ikarudi. Akalaumu spea, akaweka nyingine. Iliporudi tena nikamuuliza, "Bomba umelivuta?" Kimya. Tukaenda kwa mteja, tukasogeza mashine kutoka ukutani. Bomba la plastiki lilikuwa limebanwa likawa bapa, na kwenye kona manyoya ya nguo yameshindiliwa kama pamba ndani ya mto. Nilipofungua nyuma nikakuta fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikizidi moto, imerukwa kwa kipande cha waya, eti ilikuwa "inasumbua." Hapo niliishiwa maneno. Manyoya makavu, joto lisilo na pa kutokea, na kinga ya mwisho imeondolewa, ndani ya nyumba wanamolala watoto! Fyuzi ile ikikatika inakwambia hewa haipiti. Badilisha fyuzi, kisha tafuta kizuizi. Usiiruke kamwe, hata kwa majaribio ya dakika moja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama mwenye mashine alikuwa amemwambia siku ya kwanza: "Kabla haijaacha kupasha, nguo zilikuwa hazikauki mpaka niiwashe mara mbili." Jibu lote lilikuwa humo. Mteja akizungumza, weka mita chini umsikilize.

2. Kupima. Pipa likizunguka bila joto, anza na umeme unaoingia: kwenye mashine zinazolishwa na laini mbili (nyaya mbili zenye umeme), laini moja ikipotea mota huweza kuendelea kuzunguka huku elementi imelala. Laini zikiwa sawa, chomoa plagi, toa waya mmoja wa elementi ndipo upime, la sivyo utasoma njia nyingine ya saketi. Ukinzani unaotarajiwa ni volti mara volti, gawanya kwa wati: elementi ya volti 240 na wati 5,400 itasoma karibu omu 11. Kisha pima kati ya koili na kasha lake. Mita ikionyesha kuna njia, waya umelegea ukagusa bati, na mashine za laini mbili zikifika hapo huweza kupasha bila kuamriwa. Hiyo usimrudishie mtu.

3. Chujio linaloonekana safi limimie maji. Yakituama, limeziba kwa mabaki ya karatasi za kulainisha nguo. Sugua kwa brashi na sabuni. Mashine zisizo na bomba la nje zina kikondensa, kinachogeuza mvuke kuwa maji, nacho kinaoshwa.

4. Bomba liwe la chuma, laini ndani, fupi, lenye kona chache. Maungio yafungwe kwa tepu ya alumini. Skrubu zinazochomoza ndani hukamata manyoya.

5. Kabla ya kupokea malipo, washa mashine, toka nje, weka mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Kifuniko kifunguke chote na hewa ikusukume kiganja. Ikitoka kwa unyonge, hujamaliza kazi. Rudi ndani uvute bomba.