Duka Lako Halimo kwenye Orodha ya Chrome

Juzi msomaji mmoja kanitumia kiungo: “Kaka, huyu kaiba jina la duka letu, au ni macho yangu?” Macho yake mazima. Nilipokipitisha kwenye kigeuzi cha Punikodi (namna ya kuandika majina ya mtandaoni yenye herufi ngeni kwa herufi za kawaida) kilitoka kimeanza na xn--, alama ya jina lenye herufi ngeni. Ndani yake mlikuwa na «ạ» ya Kivietinamu, yenye nukta chini, na mstari wa kiungo ulikuwa umeimeza ile nukta.

Nilifurahi, siwafichi. Kuna kampuni niliwahi kuwaeleza jambo hilihili kikaoni, mkubwa wangu akasema naleta mambo ya sinema, watu wakacheka. Sijasahau. Sinema gani, wakati mwaka 2005 watafiti walishaonyesha hadharani paypal.com yenye «а» ya Kikirili, alfabeti wanayotumia Warusi? Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng akaleta kubwa kuliko hiyo: аррӏе.com, herufi zote tano za Kikirili, hata hiyo inayojifanya «l» ni palochka ya lugha za Kaukazi. Chrome na Firefox zikaiandika kama Apple wenyewe, maana zilikuwa zinakamata jina lililochanganya alfabeti, na hili halikuchanganya chochote. Chrome ikaliziba pengo hilo katika toleo la 58.

Ndugu zangu mnaotengeneza mifumo, acheni kuridhika na kukagua mchanganyiko tu. Yunikodi, wale wa viwango vya herufi za kompyuta, wana jedwali la herufi zinazofanana, liko wazi, bure. Kila jina ling'oe nukta na alama za juu na chini (kwa Kilatini, Kigiriki na Kikirili tu, kwingine utaharibu maneno ya watu), kisha libadilishe kwa jedwali upate kiunzi chake, yaani umbo tupu la kulinganishia. Kiunzi cha jina jipya kikilingana na cha jina lililopo, simamisha lile jipya. Chrome hufanya hivyo, ila inalinganisha na orodha ya vikoa (majina ya tovuti) maarufu, na duka la Kariakoo si kikoa maarufu. La kwako lilinde mwenyewe! Kwenye hifadhidata tunza umbo la xn--, na msimamizi alione.

Wapo watakaosema tuzuie kila kisicho a hadi z. Huo ni uvivu. Mwarabu na Mhabeshi nao wana haki ya majina yao. Kazi ni kupanga: ك ya Kiarabu na ک ya Kiajemi zikiwa mwanzo wa neno huwezi kuzitenga kwa macho, basi jina likisajiliwa kwa moja, la pili lifungwe papo hapo, au apewe mwenye lile la kwanza.