Maswali ya Wasomaji: Dumu la Maji na Dola Milioni 2

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu No Country for Old Men, filamu ya mwaka 2007 ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, nikaomba maoni yenu. Barua na jumbe zimekuja kwa wingi, nyingine za hasira. Kwa ambaye hajaitazama: ni mwaka 1980, jangwani magharibi mwa Texas. Mchomeleaji vyuma, Llewelyn Moss, yuko porini akiwinda swala anapokuta magari yametobolewa risasi, maiti zimetapakaa na, mbele kidogo, mkoba wenye dola milioni 2 za wauza dawa za kulevya. Anauchukua. Kuanzia hapo anasakwa na muuaji aitwaye Anton Chigurh, na sherifa mzee, Ed Tom Bell, yuko nyuma yao akifika kila mahali mambo yakiwa yamekwisha. Majibu yangu yanafichua mwisho, kwa hiyo anayetaka kuiona kwanza aweke jarida kando.

*Mzee, salaam. Mimi ni dereva wa lori. Huyo Moss alikuwa ameshashinda. Pesa ziko nyumbani, mke yuko kitandani, hakuna aliyemwona. Usiku anaamka, anajaza dumu la maji na kurudi jangwani kwa mtu asiyemjua, ambaye huenda ameshakufa. Nimhurumie mtu mjinga hivi kwa lipi? – Msomaji, Malaba*

Ndugu yangu dereva, siku hiyohiyo nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Moroto. Anasema wanaomcheka Moss kwa yale maji hawajawahi kuishi mahali pa kutembea asubuhi nzima kufuata kisima. Mtu akikuomba maji ukamwacha, anasema, hata chakula cha jioni hakishuki. Mimi niko upande wake.

Irudie ile sehemu ya mchana. Yule mtu yu hai ndani ya gari, damu imemlowesha, anaomba maji kwa Kihispania. Moss anamjibu kwamba hana. Na kweli hana. Lakini usiku yuko kwenye nyumba yenye bomba, na jibu la mchana halimtoshi tena. Hapo ndipo nilipompenda. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliyeokota mkoba tu.

Ni kweli maji yale yalimgharimu. Alipofika, yule mtu alikuwa amekwisha kufa, wenye mali wakalikuta gari la Moss juu ya kilima, wakalitoboa magurudumu, na kupitia gari hilo Chigurh akaijua nyumba yake. Lakini usisahau kidude kinachotoa ishara ya redio kilichofichwa ndani ya bunda moja la noti. Kilikuwa humo tangu mwanzo, kikiita. Moss alilala nacho, akapanda nacho basi, akakitia pamoja na pesa kwenye tundu la hewa la hoteli ya barabarani, na hakujua. Alijua ni pesa nyingi, ila hakuzipitia bunda kwa bunda mpaka usiku ule wa hotelini Eagle Pass, mji wa Texas mpakani na Mexico, muuaji akiwa karibu kufika.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Nilikuwa na kibanda cha video Busia, upande wetu wa Uganda. Mwaka 2003 niliuza genereta yangu ya zamani kwa shilingi 600,000. Mnunuzi alinipa mabunda 6 ya noti za 1,000, kila moja limefungwa mpira. Nikahesabu la kwanza, noti 100 kamili, nikashika mkono wa mtu. Nyumbani mke wangu akayafungua yote mezani, moja baada ya jingine, akilowesha kidole kwenye kisahani cha maji. Kwenye bunda la 4 akasimama. Noti zilikuwa juu na chini. Katikati palikuwa na karatasi za daftari la shule zilizokatwa kwa wembe, na kwenye moja ilionekana hesabu ya mtoto, ya kugawanya, na alama ya vema kwa wino mwekundu. Mke wangu hakusema neno. Aliiweka ile karatasi mbele yangu, akaendelea kuhesabu.

Kwa hiyo, dereva, ukitafuta kosa la Moss, usilitafute kwenye dumu. Litafute kwenye mabunda ambayo hakuyafungua.

*Mzee, mimi nabadilisha pesa hapa mpakani. Inawezekanaje afisa amruhusu mtu kuvuka usiku akiwa amevaa gauni la hospitali, miguu wazi, bila hati yoyote? – Msomaji, Busia*

Nilijua swali hili litatoka Busia. Hapo Moss, aliyejeruhiwa akavuka kwenda kutibiwa Mexico, anarudi Marekani. Msikilize afisa anavyomhoji. Mwanzoni amekaza uso kabisa, mpaka Moss anapotaja kwamba alipigana Vietnam, vipindi viwili. Afisa anamwuliza kikosi gani, na Moss anajibu papo hapo, na tarehe zake, lini mpaka lini. Basi anapita. Vita vile viliisha mwaka 1975, miaka mitano tu kabla ya hadithi hii, na kwa wanaume wa rika lao kikosi kilikuwa sawa na ukoo.

Wewe wa mpakani ungeangalia zaidi safari yake ya kwanza ya kuvuka kwenda Mexico: damu inamchuruzika, vijana watatu wanakuja kinyume chake darajani, na anatoa dola 500 kwa koti la mmoja wao. Hata kwa pombe aliyoshika, mwenziwe anauliza bei. Mkoba wenyewe anaurusha juu ya uzio wa daraja, unaangukia kwenye matete kando ya mto. Nimeona watu wakitupa mizigo hivyo.

*Nimekasirika. Shujaa anauawa na hatuonyeshwi! Na pesa je, zimeenda wapi? – Msomaji, Jinja*

Filamu haitamki, lakini nadhani pesa anazo Chigurh. Sherifa anaporudi usiku kwenye chumba cha hoteli ya El Paso alimouawa Moss, kamera inashuka mpaka sakafuni: kifuniko cha tundu la hewa kimefunguliwa, skrubu ziko chini, na kando yake sarafu ya senti 10 iliyotumika badala ya bisibisi. Baadaye, Chigurh akiwa amevunjika mkono katika ajali ya gari, anamlipa mvulana kwa shati la kufungia mkono. Unadhani noti ile ilitoka wapi?

Kuhusu kifo, hasira yako naielewa, na nilikuwa nayo. Sasa nadhani hawakutuonyesha kwa sababu tangu hapo hadithi ni ya sherifa, nasi tunafika pamoja naye, tumechelewa kama yeye. Hata jina la filamu limetoka kwenye mstari wa kwanza wa shairi la W. B. Yeats, mshairi wa Ireland, linalosema ile si nchi ya wazee. Riwaya yenyewe, ya Cormac McCarthy, ilitoka mwaka 2005 kwa jina hilohilo.

*Mbona nilicheka mwanzo hadi mwisho? Nyinyi mnasema inatisha. – Msomaji, Kampala*

Uliitazama yenye VJ, yaani msimulizi anayetafsiri filamu na kuongeza maneno yake juu ya sauti yake, sivyo? Ma-VJ wetu nawaheshimu. Bila wao vibanda vyetu vingekufa mapema, na mama zetu wasingejua filamu hata moja ya Marekani. Lakini filamu hii karibu haina muziki. VJ akiona kimya anakijaza, ndiyo kazi yake, na hapa kimya ndicho kinachotisha.

Mwaka 2009 niliionyesha kibandani bila VJ, kiingilio shilingi 500. Watu walinung'unika, wachache wakatoka. Kisha tukafika hotelini Eagle Pass. Moss amekaa kitandani na bunduki, anatazama mwanga chini ya mlango. Vivuli vya miguu miwili vinasimama hapo. Vinaondoka. Halafu taa ya koridoni inazimwa, na ule mstari wa mwanga unapotea. Kibandani nilisikia genereta nje, na mtu nyuma akivuta pumzi. Kitasa kiliporuka, benchi zima la mbele lilianguka.

Tafuta nakala ya sauti yake yenyewe, uitazame usiku, redio ya jirani ikiwa imezimwa. Kisha niandikie tena.