Re: Diski ya anime Kariakoo au boksi orijino la nje?

Mkuu, umeuliza kwa nini kopi ya DVD ya anime (katuni za Kijapani) ya Kariakoo ina episodi 26 kwenye diski mbili, na boksi orijino ni ghali hivyo. Piga hesabu. DVD ya tabaka moja la data inabeba GB 4.7. Ukijaza episodi 13 za dakika 24, kila sekunde inabaki na megabiti 2 tu za data, sauti ikiwemo. Ndiyo maana kwenye mapigano picha inakatika vijiboksi, na anga la usiku linatoka mistari mistari. Orijino ya tabaka mbili, GB 8.5, huwekwa episodi sita hivi: karibu megabiti 8. Tofauti utaiona hata kwenye TV ya inchi 32.

Ila usikimbilie kununua. DVD hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia inakoruhusiwa kuchezwa: Tanzania ni kanda ya 5, Marekani ni 1, Japani ni 2. Deki iliyofungwa kanda itaikataa diski ya kanda nyingine, kwa hiyo hakikisha kwanza yako inasoma kanda zote. Toleo la Japani ndilo ghali kuliko yote, mara nyingi episodi mbili kwa diski, na kwa kawaida halina maandishi ya Kiingereza. La Marekani au Uingereza lina nafuu, ila jumlisha usafirishaji na ushuru kabla hujalipa.

Hata boksi la bei ya orijino, toa diski uigeuze uikague: upande wa chini ukiwa na rangi ya zambarau, imechomwa kwenye kompyuta. Ya kiwandani ni ya fedha, au dhahabu hafifu ikiwa tabaka mbili. Lakini kuna feki za kiwandani pia, hivyo hesabu episodi kwa kila diski: zikiwa nyingi kama za Kariakoo, shuku.