Je, madaktari bingwa wa wanawake na uzazi wote wana ujuzi sawa?

Mwenzetu ameuliza iwapo madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi wote wana ujuzi sawa, kwa kuwa amesumbuliwa na maumivu makali ya hedhi kwa muda mrefu na hajui amwendee nani. Nafanya kazi hii, na jibu langu ni kwamba msingi wao ni mmoja, ila kila mmoja hukomaa katika lile analolifanya mara kwa mara.

Baada ya shahada ya udaktari, mafunzo ya ubingwa huchukua miaka 4 nchini Marekani na takribani 7 nchini Uingereza. Katika muda huo daktari hushika zamu za leba, thieta na kliniki hadi aweze kuamua upesi la kufanya mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua au anapopatwa na kifafa cha mimba. Wengine huendelea na ubobezi, kwa mfano katika saratani za viungo vya uzazi, mimba zenye hatari au ugumba.

Mimi nilivutwa na endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo, kwa sababu wagonjwa wengi hunifikia wakiwa wameambiwa kwa miaka kwamba maumivu hayo ni ya kawaida. Ultrasaundi inaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo, kwa hiyo naanza na maelezo ya mgonjwa: maumivu huanza lini, humzuia kufanya nini, na je, humjia wakati wa tendo la ndoa au wa kwenda haja? Ndipo namweleza uchunguzi wa nyonga utakavyofanyika na kuomba ridhaa yake. Akisema niache, naacha. Wapo wenzangu wanaoona kwamba mazungumzo hayo huchelewesha foleni (na kweli huichelewesha), lakini yamewaepusha wagonjwa wangu na upasuaji usio wa lazima. Wengi hupata nafuu kwa dawa za homoni, ingawa nyingi kati yake huzuia mimba, hivyo anayetafuta mtoto sasa huhitaji mpango tofauti.

Muulize daktari kama huwaona mara kwa mara wagonjwa wenye tatizo lako, na kama upasuaji wa matundu madogo huufanya mwenyewe au humpeleka mgonjwa kwa mwingine. Nenda pia na kumbukumbu ya miezi 2 au 3 ya tarehe za hedhi, siku za maumivu na dawa ulizotumia, kwani daktari makini ataiomba.