Maswali na Majibu ya Hesabu: Kadiria Kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la saba kaulizwa thamani ya magunia 14 ya korosho, kila gunia kilo 80, kwa shilingi 2,850 kwa kilo. Kapata 319,200. Nimehakiki kwa kujumlisha tarakimu na kutupa tisa, ikakubali. Mbona kakosa? (Mzazi, Tandahimba)

Marahaba. Jibu ni 3,192,000; kadondosha sifuri, na kutupa tisa hakuoni sifuri. Jumlisha tarakimu za kila jibu: yote mawili yanatoa 15, ukitupa 9 yanabaki 6. Hata angeandika 3,912,000, tarakimu zimebadilishana nafasi, bado ingebaki 6. Njia hiyo inafaa kukamata tarakimu moja iliyokosewa, basi.

Nimeshasema mara nyingi: kadiria kabla ya kukokotoa. Kilo ni kama 1,100, bei karibu 3,000, kwa hiyo tunatafuta kitu cha milioni 3.3, pungufu kidogo kwa kuwa bei tumeipandisha kuliko tulivyopunguza kilo. Kisha ligawe jibu lake kwa 14: gunia zima shilingi 22,800! Kwa 2,850 kwa kilo, hizo ni kilo 8 tu, si 80. Kadirio liandikwe pembeni mapema. Ukikadiria baadaye, utalivuta lifanane na jibu ulilokwisha kulipenda. Na karatasi yako ya malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, ikague hivyo hivyo, kabla ya kuangalia makato.

Basi limekwenda Lindi kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi Mtwara kwa 40. Wastani si 50? (Kidato cha pili, Mtwara)

Si 50. Chukua umbali wowote, tuseme kilomita 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48. Basi limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa pole, kwa hiyo wastani lazima uegemee 40. Jibu kuwa kati ya 40 na 60 hakutoshi.

Nimepata 7.5. Ni sahihi?

7.5 ya nini? Kila wiki naletewa majibu yasiyo na swali wala kipimo.

Watu 130 wanavuka kwenda Msangamkuu, mashua inabeba 12. Nimepata safari 10.83. (Mtwara)

Safari 11. Anayeandika 10 kapakia watu 13 kila safari, na hilo si kosa la daftari tu.

8 gawanya kwa 0.25 nimepata 32. Kugawanya kunaongezaje? (Nachingwea)

Ukigawanya kwa namba chanya iliyo chini ya 1, jibu linazidi ulichogawanya. Mafuta lita 8 yanajaza chupa 32 za robo lita. Ukipata 2, ujue umezidisha.