Dakika ya mwisho ya mechi ya kikapu, mpira apewe nani?

Wapo wanaosema "mpe nyota mpira, wengine wakae pembeni". Hapana ndugu, hiyo ndiyo njia rahisi ya kukabwa. Timu pinzani nayo inajua unampa nani.

Kumbuka fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, 1997, mchezo wa sita, Chicago Bulls na Utah Jazz wako 86 kwa 86. Uwanja mzima unajua mpira ni wa Michael Jordan, nyota wa Bulls. Kweli akaupata, Stockton wa Jazz akaacha mtu wake kwenda kusaidia kumbana, Jordan akampasia mwenzake Steve Kerr aliyebaki peke yake. Kikapu, sekunde tano zimebaki, ubingwa. Kwa hiyo mimi nampa mpira yule anayewavuta mabeki wawili NA ana macho ya kumwona aliye huru. Leo hii huyo ni Nikola Jokić, yule Mserbia wa NBA. Mrefu vile, anaona juu ya kila mtu.

Lakini hiyo ni kama mmefungana au mko nyuma. Mkiwa mbele kwa pointi mbili, hesabu inabadilika kabisa: wapinzani watakuchezea rafu makusudi ili wasimamishe saa. Hapo mpe mpigaji wa mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa rafu, bila mtu kukukaba. Stephen Curry wa NBA anafunga zaidi ya asilimia 90 ya mitupo yake. Shaq (Shaquille O'Neal, lile jitu la NBA la zamani), pamoja na ubabe wake wote, alikuwa kama asilimia 53. Shaq nampenda sana, ila hapo namweka benchi bila huruma.